Transfoma ya Kuzungusha: Jinsi Ilivyofika Temeke na Kinondoni

Mlio katika vikundi, isogeleeni redio. Na mwenye daftari na aliweke tayari, maana leo tuna hesabu mbili tatu, si nyingi.

Tumepokea barua ya kijana mmoja, fundi wa Mbagala. Anasema amefungua chumba cha ufundi uani kwao, anatengeneza redio, runinga na vikuza sauti. Aliyemfundisha kazi alimwambia kuwa hawezi kuhesabiwa miongoni mwa mafundi mpaka awe na transfoma ya kuzungusha, yaani ile yenye kishikio juu, ambacho ukikigeuza polepole nguvu za umeme hupanda kutoka sifuri mpaka zikapita hata zile za ukutani. Kijana akaulizia bei dukani, akaona ni akiba yake ya miezi mingi. Sasa auliza: ninunue, au nitengeneze mwenyewe?

Mimi ni afisa elimu, somo langu ni historia, wala sijivuni kuwa mhandisi. Mambo ya ufundi niliyaulizia kwa wanaoyajua. Lakini nilipoisoma barua ile mara ya pili niliona kuwa swali la kununua au kutengeneza halijibiki vizuri mpaka tujue chombo hiki kilitoka wapi, na kilitufikiaje huku kwetu pembeni mwa mji. Basi tuanze huko.

Mwanzo wake ni London, mwaka 1831. Michael Faraday, mtoto wa mhunzi, aliyejifunza kazi ya kujalidi vitabu kabla hajaingia maabara, alichukua pete ya chuma, akaizungushia waya upande mmoja, na waya mwingine upande wa pili, nyaya hizo zisigusane. Tarehe 29 Agosti aliunganisha waya wa kwanza na betri, na sindano ya kipimo kilichofungwa kwenye waya wa pili ikacheza. Alipoitenga betri, ikacheza tena. Betri ilipokuwa imeunganishwa tu bila kuguswa, sindano ilitulia tuli. Angalieni jambo hili: umeme ulionekana katika waya wa pili ingawa haukugusana na wa kwanza hata kidogo. Kilichovuka ni nguvu ya sumaku. Andikeni katika daftari maneno haya matatu, bila ya kugusana, kwa kuwa tutayarudia.

Ilipita zaidi ya miaka 50 kabla pete ile haijawa chombo cha kazi. Mwaka 1885, katika kiwanda cha Ganz mjini Budapest, Wahungaria watatu, Károly Zipernowsky, Ottó Bláthy na Miksa Déri, walitengeneza transfoma zilizofaa kugawia umeme mjini. Kanuni yake ni nyepesi. Waya wa kuingilia ukiwa na mizunguko 1,000 na wa kutokea 100, umeme ulioingia kwa volti 230 utatoka kwa volti 23.

Halafu kukapatikana ubahili mmoja wa busara. Wahandisi waliona kuwa kwa kazi nyingine si lazima kuwa na misokoto miwili. Ukiwa na msokoto mmoja tu, ukachomoza waya katikati yake, utapata volti nusu. Ukachomoza kwenye robo, utapata robo. Shaba inapungua, chuma kinapungua, na bei inapungua. Lakini hapo hapo, ndugu zangu, yale maneno matatu yamekufa: waya wa kuingilia na wa kutokea sasa ni waya mmoja.

Katika miaka ya 1930 wahandisi wa General Radio, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1915 huko Massachusetts, Marekani, akiwamo Eduard Karplus, waliukamilisha ubahili huo. Waliuzungusha waya kwenye pete ya chuma kwa tabaka moja lililonyooka, wakakwangua vanishi juu yake ili shaba ionekane kama njia ndogo ya reli, kisha wakaweka brashi inayotembea juu ya njia hiyo ukigeuza kishikio. Wakaiita Variac, na jina hilo la biashara likaenea mpaka mafundi wengi duniani huita kila transfoma ya namna hiyo kwa jina hilo, kama sisi tunavyoita kila sabuni ya unga kwa jina la sabuni moja.

Siri ya chombo hiki imo katika brashi, na hapa nataka kukaa kidogo, kwa kuwa ndipo anaposhindwa kila ajaribuye kukitengeneza nyumbani. Brashi lazima iguse mizunguko miwili kwa wakati mmoja, la sivyo umeme utakatika kila inapohama. Lakini kuigusa miwili ni kuifunga pamoja, na mzunguko uliofungwa hivyo hupitisha mkondo mkubwa, ukachemka, ukaungua. Dawa iliyopatikana ni kaboni. Kaboni hupitisha umeme, ila kwa uzito kiasi. Basi mkondo kati ya mizunguko miwili haukui ukaleta moto. Mwenye kusema shaba ni bora kuliko kaboni, akaweka shaba mahali pake, ataona moshi kabla hajamaliza chai yake.

Sasa, kwa nini chombo cha maabara za Marekani kikahitajiwa Mbagala? Yabidi turudi nyumbani.

Umeme wa kwanza wa mji wa Dar es Salaam uliwashwa mwaka 1908, zamani za Wajerumani, kwa ajili ya karakana za reli na sehemu ya mji walikokaa wakoloni wenyewe. Waingereza waliuchukua mwaka 1920 ukawa chini ya idara ya serikali, na mwaka 1931 wakaukabidhi kwa makampuni mawili: moja likaitwa DARESCO, la Dar es Salaam na miji mingine ya bara, na jingine TANESCO, la upande wa Tanga na maporomoko ya Pangani. Kampuni hupeleka nguzo mahali penye wa kulipa. Mji wenyewe ulikuwa umegawanywa: Uzunguni kwake, Uhindini kwake, na Waafrika Kariakoo. Ilipojengwa mitaa ya Waafrika huko Temeke na Magomeni baada ya Vita Kuu ya Pili, nyumba nyingi ziliendelea na kibatari na karabai. Serikali ilianza kununua hisa za makampuni hayo mwaka 1964, mwaka ule ule mitambo ya Hale katika mto Pangani ilipoanza kazi, na baadaye likawa shirika moja la umma.

Kutokana na hayo, fundi redio wetu wa kwanza alikuwa fundi wa betri. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kutangaza mwaka 1951. Miaka miwili kabla ya hapo, jirani zetu wa Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia, walikuwa wameanza kuuziwa redio ya betri yenye umbo la sufuria, iliyotengenezwa makusudi kwa watu wasio na umeme. Kisha zikaja redio za transista. Katika miaka ya 1960 Wajapani wa Matsushita walianzisha kiwanda hapa Dar es Salaam, wakatengeneza redio za National pamoja na betri zake. Hata kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, ambayo watu walikusanyika katika vikundi kuisikiliza kama ninyi leo, ilisikilizwa vijijini kwa redio za betri.

Redio ya volti sita au tisa haiui mtu. Fundi wa zamani aliitia mikono yote miwili ndani yake huku inaimba. Alipima kwa kidole, na wengine hata kwa ulimi. Mikono ikazoea. Na mafundi hawakusomea vitabuni. Kijana alikaa karibu na mzee, akatazama mikono yake. Mazoea ya betri yakarithiwa pamoja na bisibisi.

Umeme ulipofika kwa wingi katika vitongoji, ulikuja na tabia nyingine. Katika hesabu ya watu ya mwaka 1967 Dar es Salaam ilikuwa na watu wapatao 273,000. Mwaka 2012 mkoa ulikuwa na 4,364,541, na mwaka 2022 ulikuwa na 5,383,728. Wengi wamejenga Tandika, Mbagala, Manzese, Mburahati, kila mtu alipopata kiwanja, na waya ukafuata nyumba, si nyumba kufuata waya. Chukueni kalamu. Waya wa aluminiamu wa milimita mraba 50 ukitoka kwenye transfoma ya mtaa mita 400, na mita 400 za kurudi, una ukinzani wa karibu nusu omu. Nyumba za mwisho wa waya huo zikivuta ampea 60 kwa pamoja saa mbili usiku, kila mtu akipika na kutazama taarifa ya habari, zitapotea njiani volti 30. Ziliondoka 230, zinafika 200. Ongezeni waya mwembamba wa kwenda kwa jirani wa nyuma, na viunganisho vilivyolegea, zitafika 170. Usiku wa manane watu wakilala, volti hurudi juu kwa ghafla.

Hapo sijasema habari ya mgao. Wenye umri wangu tunaukumbuka ule wa mwaka 2006, mabwawa yalipokauka, na ule wa 2011. Wakubwa zetu wanaukumbuka wa 1992 na 1994. Tangu mwaka 2024 mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, mradi wa megawati 2,115, imeanza kutoa umeme, na jambo hilo ni kubwa. Lakini umeme mwingi bwawani hauneneshi waya mwembamba wa mtaani. Hesabu yetu ya mita 400 imebaki pale pale.

Runinga nazo zilichelewa bara. Zanzibar walitangulia kwa runinga ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Sisi tulingoja mpaka mwaka 1994, ITV na wenzake walipoanza. Ndani ya miaka michache kila mtaa ulikuwa na runinga, na kila mwenye runinga aliogopa umeme wa kupanda na kushuka. Basi kikaingia kile kisanduku cha kusawazisha umeme, stabilaiza, kikakaa chini ya kila runinga kimevikwa kitambaa cha kufuma.

Visanduku hivyo ni vya namna mbili. Kimoja hulia tak, tak. Ndani yake mna msokoto mmoja uliochomozwa waya mahali kadhaa, na swichi ndogo za sumaku zinazochagua. Cha pili hakilii, bali huguruma kidogo kama paka. Ndani yake mna mota ndogo inayozungusha mkono, na mwisho wa mkono huo pana brashi ya kaboni juu ya pete ya shaba. Mmeitambua? Ni chombo kile kile cha Massachusetts, ila mahali pa mkono wa mtu pamewekwa mota. Hivyo ndivyo transfoma ya kuzungusha ilivyoingia Temeke na Kinondoni: haikuja kama chombo cha maabara, ilikuja imejificha chini ya runinga. Mota ilipokufa, au kibao chake cha mashine kilipoungua, mafundi walivifungua visanduku, wakaikuta pete nzima, wakaifunga kishikio, wakaiweka mezani.

Mimi niliiona mara ya kwanza mwaka 2002, nikiwa mtoto wa shule ya msingi. Fundi mmoja wa mtaa wetu Temeke, jina lake ninalihifadhi, alikuwa nayo, na sisi watoto tulipenda kukaa kwenye benchi lake kutazama balbu ikianza kuwa nyekundu, kisha njano, kisha nyeupe, kwa kugeuza mkono tu. Siku hiyo alikuwa amefungua runinga. Alikishusha kishikio mpaka mwisho, sifuri kabisa, akatuambia, "Sasa imelala." Akashika bamba la chuma la ndani kwa mkono wa kushoto, huku mguu hauna kiatu na sakafu imemwagiwa maji muda si mrefu. Akatupwa nyuma. Mkewe alikuwa mlangoni. Alikimbilia swichi ya ukutani kwanza, hakumgusa mumewe, na mpaka leo sijui nani alimfundisha hivyo. Alipona, lakini vidole viwili havikukunjika tena sawasawa, na kazi ya waya nyembamba ikamshinda. Watu wa mtaani walisema runinga ilihifadhi umeme. Yeye mwenyewe alisema kishikio kilikuwa kibovu.

Kishikio hakikuwa kibovu. Niliambiwa maana yake miaka mingi baadaye, na ndiyo maana ya somo hili. Kumbukeni kuwa msokoto ni mmoja: waya mmoja ni wa pamoja, unaingia na kutoka moja kwa moja, na brashi ndiyo ya pili. Ikiwa waya huo wa pamoja umefungwa kwenye nyutro, basi sifuri ni sifuri kweli. Lakini plagi yake ilikuwa ya pini mbili, iliyosukumizwa katika soketi ya matundu matatu kwa msaada wa kijiti, na plagi kama hiyo yaingia kwa namna zote mbili. Siku ile iliingia kinyume. Waya wa pamoja ukawa laini. Kishikio kikiwa sifuri, brashi nayo ikasimama juu ya waya ule ule wa laini. Kati ya nyaya mbili za kutokea hapakuwa na volti hata moja, na balbu isingewaka. Lakini kati ya kila mmoja wao na sakafu yenye maji palikuwa na volti zote 230. Alishusha umeme mpaka sifuri, kisha akashika laini.

Tena runinga za namna ile bamba lake la ndani lilikuwa limeunganika na umeme wa ukutani. Umeme huo ukishageuzwa kuwa mkondo wa moja kwa moja, hufika zaidi ya volti 300 ndani ya kapasita kubwa. Mkono uliozoea redio ya National haukuwa na habari hiyo.

Sasa nimjibu kijana wa Mbagala.

Pete yenyewe usiitengeneze. Ukitaka ya wati 500, kiini chake cha chuma kiwe na unene wa kama sentimita mraba 22. Kwa umeme wetu wa mizunguko 50 kwa sekunde, gawanya 45 kwa 22. Utapata mizunguko ya waya karibu miwili kwa kila volti, yaani zaidi ya 460 kwa volti 230. Kila mmoja yakupasa kuupitisha katika tundu la pete kwa mkono, tabaka moja, bila kupandana, kisha ukwangue njia ya brashi pasipo kukata waya. Wapo walioweza. Wengi zaidi wamepoteza shaba. Nunua, au tafuta stabilaiza ya mota iliyokufa kwa wauza vyuma chakavu, ukiangalia mambo matatu: njia ya brashi isiwe na alama nyeusi za kuungua, brashi iwe bado ndefu, na kiini kisitoe harufu ya vanishi iliyochomeka. Na shaba ya bei rahisi mno usiulize ilikotoka, wala usiinunue. Transfoma za mitaani zimefunguliwa usiku mara nyingi, na aliyekosa umeme kesho yake ni mteja wako.

Ukitaka kutengeneza kwa lazima, tengeneza ya hatua: kiini cha kawaida cha mabamba, msokoto mmoja, waya umechomozwa kila volti 20, na swichi ya kuzungusha inayoacha hatua moja kabla ya kushika nyingine. Haina uzuri wa Variac, lakini kwa kazi nyingi yatosha.

Kitu cha kutumia akiba yako, na ambacho unaweza kukitengeneza vizuri kuliko pete, ni transfoma ya misokoto miwili, 230 kuingia na 230 kutoka, bila ya kugusana. Hiyo ikae kati ya ukuta na transfoma ya kuzungusha. Usipoweza kuisokota, tafuta transfoma mbili zinazolingana za kushusha 230 mpaka 24, uunganishe 24 kwa 24. Ya kwanza itashusha, ya pili itapandisha. Utapungukiwa volti kiasi, si neno. Waya wa kutokea usiufunge kwenye ethi, la sivyo umerudi ulikotoka. Hata hivyo, ukishika nyaya zote mbili za kutokea kwa pamoja, hakuna transfoma itakayokusaidia. Basi mkono mmoja mezani, wa pili mfukoni, na kiatu mguuni. Plagi iwe ya pini tatu. Weka na fyuzi: kwa wati 500, ampea mbili, ile ya kuchelewa kukatika, kwa sababu pete hunywa mkondo mkubwa inapowashwa. Na usidhani kuwa ukishusha volti mpaka 50 utapata ampea zaidi. Waya na brashi ni vile vile. Ampea mbili zibaki mbili.

Nikuambie pia ambapo chombo hiki hakina faida kubwa. Redio ya zamani ya vali iliyolala miaka mingi kabatini kwa babu, huipandishia volti polepole kwa saa nzima, kapasita zake zikaamka bila kupasuka. Kwa kazi hiyo ni chombo bora. Lakini runinga za siku hizi na chaja zina mashine ya kujirekebisha ndani. Ukizipa volti chache huvuta mkondo mwingi zaidi, na waweza kuunguza kilichokuwa kizima. Kwa hizo, balbu ya uzi ya wati 60 au 100 iliyofungwa katika mfululizo na kifaa itakuonya mapema: ikiwaka sana, pana mahali pameungana vibaya. Na vile vikuza sauti vya mitumba kutoka Japani vya volti 100, mteja asipewe transfoma ya kuzungusha aende nayo nyumbani. Mtoto mmoja akigusa kishikio, kazi yako yote imeungua. Mpe ya kushusha isiyogeuka.

Kwa vikundi: kabla ya somo la juma lijalo, mwenye kipimo na apime volti za nyumbani saa kumi alfajiri, saa saba mchana na saa mbili usiku, siku tatu mfululizo, aandike pamoja na idadi ya nguzo kutoka transfoma ya mtaa hadi kwake. Tuleteeni namba hizo kwa barua. Asiye na kipimo amwombe fundi wa jirani. Asipime kwa balbu.